Mwenzako Ghati

Asubuhi ya mtaa wa Kigera huanza na moshi. Jua halijapanda vizuri, Mwanaupe ameshawasha jiko lake mbele ya nyumba. Chuma cha vitumbua kinachemka mafuta, wateja wamesimama na vibakuli. Wengine ni wavuvi wanaotoka ziwani. Wengine ni wanafunzi wanaokimbilia kengele. Mwanaupe anajua vitumbua. Anajua mchele unataka kulowekwa kiasi gani. Anajua moto upunguzwe lini. Mji wa Musoma ni mkubwa, lakini wapo watu wanaotoka mbali kumfuata yeye.

Mume wake, Muharami, ni fundi cherehani sokoni. Binti yao mkubwa ni Hafidha. Mwaka huu ameingia fomu wani.

Ng'ambo ya ua wa mabati anakaa Lukresia na mume wake Enos. Wao walitokea Bugwema. Wanaanika dagaa na kuwapeleka Bunda kuuza. Binti yao anaitwa Ghati. Huyu Ghati alikulia Bunda kwa shangazi yake, akasoma shule ya msingi ya Ingilishi midiamu. Sasa amerudi kwa wazazi wake. Yeye na Hafidha wako shule moja, darasa moja.

Hapo ndipo wivu wa Mwanaupe ulipopata pa kukaa.

Zamani wanawake hawa walikuwa wanaombana chumvi kupitia juu ya ua. Mmoja akipata mgeni, mwingine analeta kiti. Lakini tangu Ghati arudi, Mwanaupe alikuwa haombi tena chumvi. Jioni Ghati alikuwa anasoma kwa sauti upande wa pili. Kiingereza chake kilikuwa kinateleza kama sato aliyetoka majini sasa hivi. Mwanaupe alikuwa haelewi hata neno. Aliishia darasa la saba. Lakini kila neno lilimchoma.

"Umesikia mwenzako?" alikuwa anamwambia Hafidha.

Ikawa ndio wimbo wa nyumba ile. Mwenzako Ghati anaamka mapema. Mwenzako Ghati hasahau daftari. Mwenzako Ghati ana vichwa viwili? Siku ya mkutano wa wazazi, Ghati alichaguliwa kuwasomea wageni risala. Ukumbi mzima ulipiga makofi. Lukresia alirekebisha kitenge chake kichwani, taratibu, kama bibi harusi. Mwanaupe alipiga makofi kwa vidole viwili.

Siku moja Hafidha alirudi kutoka shuleni kimya. Aliweka begi chini, akakaa karibu na jiko.

"Mama, tumepewa prezentesheni."

"Ee Mungu wangu! Ni ugonjwa gani tena huo?"

"Sio ugonjwa, mama. Ni kusimama mbele ya darasa na kueleza mada. Kwa Kiingereza. Madam wa jiografia amesema Ijumaa ya wiki ijayo. Wawili wawili."

"Mada gani?"

"Faida za ziwa kwa watu."

"Hiyo rahisi. Na wewe umewekwa na nani?"

Hafidha aliinamisha kichwa. "Na Ghati."

Mwanaupe aliweka mwiko chini. Aliona darasa zima machoni pake. Aliona Ghati anasema, maneno yanateleza. Kisha aliona mwanawe anasimama, anagugumia, watoto wanacheka.

"Na alama je?"

"Ni za wawili pamoja. Madam anasema tufanye mazoezi pamoja, kila siku."

"Pamoja! Ili achukue pointi zako azitie Kiingereza chake, aonekane yeye? Hapana. Wewe fanya kivyako. Usimwonyeshe kitu. Utamshangaza hukohuko mbele ya watu."

"Lakini mama, ni ya wawili..."

"Nimemaliza."

Kesho yake Mwanaupe alivaa baibui lake zuri, akaenda mjini kwenye stesheneri ya Gody. Gody ni kijana mpole. Anatafuta vitu kwenye kompyuta na kuviprinti.

"Nataka maneno ya Kiingereza kuhusu ziwa," Mwanaupe alisema. "Yawe mazito. Mtu akiyasikia ashtuke."

"Ziwa lipi, mama?"

"Ziwa ni ziwa, mwanangu. Kwani yako mangapi?"

Gody alikuna kichwa. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma. Akatafuta, akaprinti, akabana karatasi kwa pini. Mwanaupe alirudi nyumbani amezikumbatia kama mtoto mchanga.

Hafidha alizisoma juu juu. "Mama, maneno mengi humu siyajui."

"Nani kakwambia uyajue? Yakariri. Sisi tulikuwa tunakaririga kila kitu, tena kwa fimbo."

Basi Hafidha akakariri. Alikariri akichota maji, alikariri akiosha vyombo. Alikuwa anafumba macho na midomo inacheza peke yake.

Jioni moja wakasikia hodi. Alikuwa Ghati, na daftari mkononi.

"Shikamoo, Mama Hafidha."

"Marahaba."

"Hafidha yupo? Nimekuja tufanye mazoezi."

"Hayupo. Nimemtuma mjini."

Hafidha alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia kila kitu. Ghati alitazama chini mlangoni. Ndala za Hafidha zilikuwa pale, zile zenye kamba ya bluu upande mmoja na ya kijani upande wa pili. Ghati alifunga daftari lake. Aliondoka.

Alikuja tena siku iliyofuata. Mwanaupe akamwambia Hafidha amelala, kichwa kinamuuma. Baada ya hapo hakuja tena.

"Mama, kwa nini unasema sipo?" Hafidha aliuliza.

"Nakulinda, mwanangu. Hujui watu wewe."

"Shuleni haniangalii tena. Amehama dawati."

"Ahame hata darasa."

Lakini Hafidha alianza kuacha chakula. Alikuwa analala na karatasi zile mkononi. Upande wa pili wa ua nako kukawa kimya. Sauti ya Ghati haikusikika tena jioni. Mwanaupe alifurahi. Alidhani ameshinda.

Ikafika Jumamosi. Asubuhi alikuja Miriamu kununua vitumbua. Miriamu amepanga nyumba ya jirani. Kazi yake iko Butiama, kwenye makumbusho. Anatembeza wageni na kuwaeleza mambo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Akiwa hana zamu hurudi Musoma kupumzika.

Ng'ambo ya ua, Lukresia alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja. Mwanaupe alimsikia, na roho ikampanda.

"Hafidha!" aliita kwa sauti ya kupita juu ya mabati. "Njoo umsomee Dada Miriamu prezentesheni yako. Kwa sauti, mwanangu, usione aibu. Kiingereza chako mwenyewe!"

Hafidha alitoka anavuta miguu. Alisimama mbele ya jiko, akakaza macho kwenye paa la nyumba, akaanza. Maneno yalitoka mbio, bila pumzi, kama mtu anayemwaga maharage kwenye sufuria. Wateja walinyamaza. Mwanaupe aligeuza kitumbua huku anatabasamu. Upande wa pili, dagaa waliacha kuchakarika. Lukresia alikuwa anasikiliza. Hicho ndicho Mwanaupe alichokitaka.

Ghafla Hafidha alikwama. Akarudi mwanzo kabisa, akaja mbio, akakwama palepale. Akarudi mwanzo tena.

"Ngoja kidogo, mdogo wangu," Miriamu alisema kwa upole. "Hapo katikati umesema nini? Niambie kwa Kiswahili."

Hafidha alimtazama mama yake. "Sijui, dada."

"Umesema wakati wa baridi ziwa linaganda, linakuwa barafu. Watu wanatembea juu yake. Magari yanapita. Wanatoboa shimo ili wavue samaki. Hilo ni ziwa la nchi za baridi, sio hili letu."

Kisha Amos, mvuvi mmoja aliyekuwa anatafuna, akameza.

"Magari juu ya ziwa? Basi leo nauza mtumbwi, nanunua bodaboda! Nikavue sangara kwa honi!"

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Na ng'ambo ya ua kikatoka kicheko kingine. Cha Lukresia.

Kicheko hicho kilimwingia Mwanaupe kama mafuta ya moto. "Cheka tu, Mama Ghati!" alipiga kelele. "Cheka sana! Wa kwako si kazaliwa na Mzungu!"

Hafidha alitupa karatasi chini. Alikimbilia ndani, analia.

Kicheko cha ng'ambo kilikatika. Lango la mabati likalia, na Lukresia akaingia uani, mikono imejaa magamba ya dagaa. Mwanaupe alinyanyua mwiko. Alikuwa tayari kwa ugomvi. Tena alikuwa anautamani.

"Mama Hafidha," Lukresia alisema, "mimi nimecheka yale magari tu. Sijamcheka mtoto. Nitamcheka na nini? Wa kwangu tangu juzi hali. Anasema Ijumaa haendi shule."

"Haendi? Si anajua Kiingereza?"

"Kukijua ni kimoja, kusimama mbele ya watu ni kingine. Siku ya risala alikuwa anasoma karatasi. Sasa madam amekataza kusoma, na anaogopa. Alikuja kwako apate nguvu kwa Hafidha, ukamwambia hayupo. Ndala kaziona mlangoni, Mama Hafidha."

Mwanaupe alishusha mwiko.

"Na mimi nikamwongezea," Lukresia aliendelea, na sauti yake ikapungua. "Nikamwambia, mwenzako Hafidha angekuwa na Kiingereza hicho angeshamaliza kazi. Kila siku namwambiaga hivyo. Mwenzako Hafidha anamsaidia mama yake jikoni. Mwenzako Hafidha hesabu anapata zote. Mwenzako Hafidha ana adabu."

"Wewe? Unamwambia Ghati hivyo?"

"Asubuhi na jioni. Nilikuwa nakuonea wivu, mama. Wa kwako anakuchotea maji bila kuitwa. Mnacheka pamoja hapa jikoni, nawasikiaga. Wa kwangu amekulia kwa shangazi yake. Ananiita mama kama anavyomwita mama yeyote wa njiani."

Harufu ya kuungua ilipanda. Vitumbua vyote kwenye chuma vilikuwa vyeusi. Mwanaupe hakuvigusa. Miaka yote amekaa na mwanamke huyu, ua wa bati katikati, na hakujua kwamba upande wa pili nako kunaimbwa wimbo uleule, ila jina limebadilishwa.

Miriamu alikuwa ameokota zile karatasi. "Mama zangu, mnisamehe, mimi ni mdogo kwenu. Lakini mwenzako ni nani? Si yule aliye pamoja na wewe? Nyinyi neno hilo mmelifanya fimbo. Huyu anamchapa mwanawe kwa Ghati, yule anamchapa mwanawe kwa Hafidha. Sasa Ijumaa watasimamaje bega kwa bega?"

Mwanaupe alikiepua chuma chenye vitumbua vyeusi.

"Waiteni," Miriamu alisema. "Muda upo."

Wateja walipoondoka, akina mama walitandika mkeka uani. Hafidha alikaa ncha hii, Ghati akakaa ncha ile. Macho ya wote yalikuwa mekundu.

"Siku ile nilikuwepo," Hafidha alisema chinichini.

"Najua," Ghati alijibu. "Ndala kama zile Musoma nzima ni za kwako tu."

Hafidha alijaribu kujizuia, lakini kicheko kikamtoka puani. Ghati naye akacheka. Akasogea kidogo.

"Mimi siku ya kwanza kazini nilikariri kila kitu," Miriamu alianza. "Mgeni mmoja akaniuliza swali katikati. Nikasahau nilipofika, nikarudi mwanzo. Akauliza tena, nikarudi mwanzo tena. Walidhani ni redio! Kitu ulichokariri bila kukielewa kina mlango mmoja tu. Ukitoka, lazima uzunguke uingilie mbele. Kwa hiyo wekeni karatasi. Hebu niambieni kwa Kiswahili. Ziwa letu linawasaidia nini watu? Msifikirie kitabu. Tazameni hapa mlipo."

"Samaki," Ghati alisema.

"Umewaona wapi?"

Ghati alinyoosha kidole kwenye mikono ya mama yake. "Hapo. Dagaa ndio wamenisomesha."

Lukresia alitazama mikono yake kama anaiona mara ya kwanza.

"Maji ya bomba," Hafidha alisema. "Yanatoka ziwani. Mama anatumia hayo kulowekea mchele."

"Na boti," Ghati aliongeza. "Zile za kwenda Kinesi. Watu wanavuka na mizigo yao."

"Basi zinatosha," Miriamu alisema. "Chakula, maji, usafiri. Pointi chache, kila moja na mfano uliouona kwa macho yako. Pointi nyingi zisizoeleweka ni kelele. Sasa tuzitie kwenye Kiingereza. Sentensi fupi. Na neno usilolijua maana usilitumie, hata kama linapendeza. Ukikwama, uliza, au fungua kamusi."

Hapo Ghati akawa mwalimu. Alikuwa anatafuta neno jepesi, Hafidha analijaribu mdomoni. Hafidha naye alikuwa anapanga kipi kianze na kipi kifuate, maana kichwa chake ni cha hesabu. Miriamu alikata boksi tupu la mafuta, likatoa kadi ndogo. Kwenye kila kadi waliandika neno moja kubwa tu.

Mwanaupe alishindwa kuvumilia. "Neno moja? Na yale makaratasi yote niliyofuata mjini?"

"Yale yatawasha jiko, mama. Akiwa na maneno mengi mkononi atayasoma, hatawatazama watu. Neno moja linamkumbusha tu. Mengine yanatoka kichwani mwake."

"Na nikisahau?" Ghati aliuliza.

"Utanyamaza. Utavuta pumzi. Utatazama kadi, utaendelea mbele. Usirudi mwanzo, wala usiombe radhi. Hakuna anayejua ulichotaka kusema ila wewe. Na mwenzako yuko pembeni, na yeye anajua pointi yako. Ndiyo maana mnafanya mazoezi pamoja, mnaelewa? Kila mmoja ajue sehemu ya mwingine. Na mtu akiuliza swali msilolijua, msitunge. Semeni tutatafuta jibu tulete."

Kisha Miriamu akawageukia akina mama. "Nyinyi sasa ndio darasa."

"Sisi?" Mwanaupe alicheka. "Mimi Kiingereza chenyewe kinapita juu kama ndege."

"Masikio si unayo? Utajua kama sauti inafika kwenye jiko. Utajua kama anakutazama wewe au anatazama paa. Utajua kama anakimbia. Hayo hayataki Kiingereza. Msimkatize. Akimaliza, mwambie kwanza kilichokuwa kizuri. Halafu jambo moja la kurekebisha. Moja tu, mama, sio gunia."

Tangu siku hiyo mazoezi yakawa ya kila jioni. Leo kwa Mwanaupe, kesho kwa Lukresia. Wasichana walikuwa wanasimama, mama zao wanakaa kwenye ndoo walizozipindua. Simu ya Muharami ilikuwa inapima muda. Mwanzoni Hafidha alitazama paa. Lukresia akamwambia, "Sauti imefika hadi kwenye chanja, mwanangu. Ila mimi sipo juu ya bati, nipo hapa." Hafidha akacheka, akamtazama. Ghati alikuwa anakimbia maneno. Mwanaupe akamwambia, "Umesimama vizuri kama askari. Sasa tembea, usikimbie, huchelewi boti." Ghati alitabasamu. Alikuwa hajawahi kuambiwa na Mwanaupe neno lenye utamu.

Usidhani wivu ulihama siku moja. Jioni nyingine Ghati alisema sehemu yake yote, safi, bila kukwama hata mara moja. Hafidha akafuata, akajikwaa kwenye neno jepesi. Kitu cha zamani kikamrudia Mwanaupe. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Si unaona mwen..."

Hafidha aligeuka. Uso ulimnyauka palepale. Mwanaupe aliuona. Kwa mara ya kwanza aliona neno lake linapotua.

"...mwenye njaa," alisema haraka, "vitumbua vipo kwenye hotipoti."

Lukresia alificha kicheko kwenye kanga. Wasichana walikula, wakarudia mwanzo hadi mwisho. Safari hii Hafidha hakujikwaa.

Ijumaa Mwanaupe alikuwa hana mikono, akili yote iko shuleni. Alitia chumvi mahali pa sukari. Amos aliuma kitumbua, akakitazama kwa makini.

"Mama Hafidha, leo umepika vitumbua au umepika maji ya bahari?"

"Kula, mwanangu, niache. Leo binti yangu yuko mbele za watu."

Lukresia alienda sokoni, lakini alipiga simu mara kwa mara. Wamerudi? Bado. Mchana ukawa mrefu. Mwanaupe alifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa.

Hatimaye lango likalia. Hafidha aliingia kwanza, mbio, shungi limeenda upande.

"Mama! Tumemaliza!"

"Niambie pole pole. Ulisimama?"

"Nilisimama. Niliogopa, lakini nilitafuta sura moja nzuri nikaitazama, kama alivyosema Dada Miriamu. Neno moja nikalikosea, wakacheka. Na mimi nikacheka, nikaendelea."

"Na Ghati?"

"Ghati alisahau, mama. Katikati kabisa, kwenye pointi ya maji. Akanyamaza."

Moyo wa Mwanaupe ulisimama. Na jambo la ajabu, haukufurahi. Zamani ungepiga vigelegele. Sasa uliumia kama aliyesahau ni mtoto wake wa kumzaa.

"Ikawaje?"

"Nikamwonyesha kadi pembeni. Akavuta pumzi, akaendelea mbele, hakurudi mwanzo. Halafu mvulana mmoja akauliza ziwa lina kina gani. Hatukujua. Nikasema tutatafuta jibu tulete Jumatatu. Madam akasema hivyo ndivyo anavyojibu mtu mkweli. Amesema tumeeleweka, mama. Amesema wengine wengi walikariri, lakini sisi tumeeleweka. Alama tumepata nzuri, wote wawili."

Swali lilikuja kwenye ulimi wa Mwanaupe: kati yenu, nani alipigiwa makofi mengi? Lilikuja limevaa nguo nzuri kabisa. Alilitafuna, akalimeza, likashuka kwa shida.

Mama unayesoma habari hizi, swali hilo unalijua. Labda nawe unalo. Mtoto anaporudi na kazi ya shule, hasa hiyo ya kusimama mbele ya watu, usimpeleke darasani na jina la mtoto wa jirani mgongoni. Ni mzigo mzito, na sauti haipiti chini yake. Mpe masikio yako. Mwache aseme kwa lugha anayoielewa kwanza. Mwite na yule mwingine, kaeni wote, msikilize. Hata kama uliishia darasa la saba, hata kama hukwenda kabisa, kusikiliza unaweza.

"Mwenzako yuko wapi?" Mwanaupe aliuliza.

Hafidha alishtuka kwa neno hilo. Kisha akaona mama yake ananyoosha shingo kutazama langoni, na sahani iko mkononi.

"Yuko nje. Anaona aibu kwa sababu alisahau."

"Aibu ya nini? Mwambie aingie. Vitumbua vya chumvi vipo, na vya sukari napika sasa hivi."

Ghati aliingia. Aliamkia, akavua ndala zake, akaziweka kando ya zile zenye kamba ya bluu na ya kijani. Ndani kukawa na vicheko vya wasichana wawili, na Kiingereza, na Kiswahili, vyote pamoja.

Baadaye Lukresia alirudi kutoka sokoni. Alisimama langoni na beseni lake, anahema.

"Mama Hafidha, Ghati wangu yupo hapa?"

Mwanaupe alikuwa anatia unga kwenye chuma. Hakugeuka.

"Hayupo. Nimemtuma mjini."

Lukresia alitazama mlangoni, akaona jozi mbili za ndala zimelala bega kwa bega. Alishusha beseni, akashika kiuno, akacheka huku anayumba mpaka akaligonga beseni, dagaa wakamwagika.